Mgongo Unaouma Mwaka wa Tatu: Mjadala wa Nakivale na Mbarara

Katika vituo vingi vya afya vya Uganda mgonjwa wa nje hufika na daftari la shule mkononi, lile lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma. Hilo ndilo faili lake. Musawo, yaani mhudumu wa afya, huandika humo tarehe, malalamiko kwa maneno mawili matatu na dawa, kisha mgonjwa hurudi nalo nyumbani. Mwenye maumivu sugu, yaani maumivu yaliyopita miezi mitatu, utamjua kwa daftari lake kabla hajafungua kinywa. Mgongo, Panadol. Kichwa, Panadol. Mwili mzima, diklofenaki. Malaria haikuonekana, Panadol. Tumbo linaunguza, dawa ya vidonda. Mgongo tena, sindano. Mwandiko hubadilika kila ukurasa kwa kuwa kila safari amekutana na mhudumu mwingine, na huoni dalili kwamba aliyeandika leo alisoma cha jana. Hata lile tumbo linalounguza huenda limeletwa na diklofenaki ya kurasa mbili nyuma. Swali ambalo halimo katika daftari zima ni jepesi kuulizwa: unalala? Na la pili likifuata: usipolala, unawaza nini?

Ninachotetea ni kwamba huduma ya afya ya akili kwa mgonjwa huyu itolewe katika chumba kilekile anachotibiwa mgongo, siku ileile, na mhudumu yuleyule, na ianze pale malalamiko yaleyale yanapofika ukurasa wa tatu. Tusimngoje hadi aonekane amechanganyikiwa ndipo aandikiwe rufaa ya kwenda kubisha mlango mwingine. Wapo wanaopinga, tena kwa sababu za haki. Sauti zao nimeziketisha hapa kama kwenye baraza. Hakuna iliyo ya mtu fulani. Nimeziunda kutokana na hoja ambazo suala lenyewe linazizaa, kwa mwenyeji wa Isingiro na aliye makazini Nakivale, kwa mgonjwa na kwa daktari wa Mbarara.

Nakivale, katika wilaya ya Isingiro, ilianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Watutsi waliokimbia Rwanda, na leo ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi makongwe kuliko yote barani Afrika. Wanaishi humo zaidi ya watu 150,000: Wakongomani kwa wingi, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na Waeritrea. Mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, ulipotekwa na waasi Januari 2025, na Bukavu mwezi uliofuata, Wakongomani wengine walivuka mpaka kuingia Uganda. Kwenye foleni ya kituo cha afya lugha inayowakutanisha wengi wao ni Kiswahili, na Kiswahili cha Kivu, eneo la miji hiyo miwili, ndicho kinachotangulia kusema.

“Docta, miye siko fou,” anasema mama wa kwanza. “Mgongo ndiyo inaniuma. Mukinituma kwa docta ya wazimu, majirani watasema nini? Na ile mgongo itabaki na nani?”

Mama ana haki, na hoja yangu inaanza kwa kumkubalia. Mgongo wake unauma kweli. Chama cha kimataifa cha wataalamu wa maumivu, IASP, kiliporekebisha tafsiri yake ya neno hilo mwaka 2020, kilieleza maumivu kuwa hali inayohusu hisia za mwili na za moyo kwa pamoja, iwe jeraha linaonekana au halionekani, kikaongeza kwamba mtu akisema anaumwa, kauli yake iheshimiwe. Shirika la Afya Duniani nalo, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, linayatambua maumivu sugu kuwa yanaweza kuwa ugonjwa wenyewe, hata pasipo ugonjwa mwingine nyuma yake. Haya hayakuandikwa kwa huruma tu. Jeraha hupeleka habari kwenye uti wa mgongo kwa njia ya neva, na kutoka ubongoni hushuka neva nyingine zinazoikuza au kuizima habari hiyo kabla haijapanda. Neva hizo za kushuka hutumia serotonini na noradrenalini, kemikali zilezile zinazohusika na usingizi na hali ya moyo wa mtu. Asiyelala, mwenye hofu inayomrudia kila usiku, breki hiyo ya maumivu humlegea. Miezi ikipita, neva zenyewe huzoea kuuma, kiasi kwamba kidonda kinaweza kupona na maumivu yakabaki. Kwa hiyo anayemwambia mama huyu kwamba mgongo wake ni “mawazo tu” amekosea kisayansi kabla hajakosa adabu. Ubongo ni kiungo kama ini, na kinachotokea ndani yake kimetokea mwilini.

Wala wazo hili si geni kwa wasemaji wa lugha zetu. Kichwa huuma na moyo huuma kwa kitenzi kimoja. Uchungu ni wa mwanamke anayejifungua, wa dawa ya mwarobaini, na wa aliyefiwa. Wanyarwanda walipotafuta neno la kutaja hali ya walionusurika mauaji ya kimbari ya 1994, walilipata kwenye pumzi inayokatika: ihahamuka. Lugha si maabara, na sidai kwamba kitenzi kinathibitisha tiba. Nadai jambo dogo zaidi: mtu anayeeleza msiba wake kwa kutaja kiungo cha mwili hajifichi wala hadanganyi. Anaeleza kwa njia aliyolelewa nayo, na kliniki inayomtaka kwanza achague, mwili au akili, inamuuliza swali ambalo kwao halipo. Kuhusu majirani, hofu yake ni ya kweli, nami naitumia kama ushahidi upande wangu. Akipewa karatasi ya kwenda kliniki ya akili, wapo watakaoikunja na kuitia mfukoni, na wiki ijayo watakuwa tena kwenye foleni ya mgongo. Huduma ikiwa mle ndani anamotibiwa mgongo, hakuna mlango wa pili wa kuonekana akiuingia.

“Ndugu mwandishi, njoo ukalie kiti changu Jumatatu asubuhi,” anasema musawo, na sauti yake ina uchovu. “Foleni imetoka nje ya ua. Nikianza kuuliza habari za ndoto, nani atampima yule mtoto mwenye homa? Halafu nikishasema huyu ana mawazo, kumbe ana TB ya uti wa mgongo. Nani atajibu?”

Nianze na TB, kwa maana hapo ndipo anaponigusa. Isingiro ni nchi ya Ankole, nchi ya ng’ombe na maziwa. Bruselosi, ugonjwa unaomwingia mtu kwa maziwa mabichi au kwa kugusa mifugo iliyoambukizwa, huleta homa inayokwenda na kurudi, jasho la usiku, na maumivu ya mgongo na viungo yanayoweza kudumu kwa miezi. Mtu akiisha kuitwa “mgonjwa wa mawazo”, bruselosi yake itamtafuna bila kupimwa. TB ya uti wa mgongo inaweza kumlaza mtu miguu ikiwa haina nguvu tena. Yupo aliyevunjika mfupa njiani ukaunga vibaya, aliyepigwa nyayo kizuizini, mwenye fistula, mwenye selimundu. Kwa hiyo hakuna ruhusa ya kuuliza habari za usingizi kabla ya kuuliza habari za homa, kupungua uzito, ganzi ya miguu na kushindwa kuzuia mkojo, na kabla ya kuupapasa mgongo wenyewe, pingili kwa pingili. Narudia kwa sababu kosa hili limekwisha kuumiza wengi duniani: jina la ugonjwa wa akili likiisha kuandikwa katika faili, wahudumu huacha kumgusa mgonjwa.

Lakini musawo atazame upande wa pili wa hofu yake. Ni nani anayepata jibu sahihi kuhusu mwili, yule anayeuliza “wapi panauma” peke yake, au yule anayeuliza pia “yalianza baada ya nini”? Refugee Law Project ya Chuo Kikuu cha Makerere imetumia miaka mingi kueleza habari za wanaume, wengi wao kutoka Kongo, waliofanyiwa ukatili wa kingono vitani. Filamu yake Gender Against Men ya mwaka 2009 ilikuwa miongoni mwa kazi za kwanza kulitamka jambo hili waziwazi katika ukanda wetu. Mwanamume wa namna hiyo hawezi kulianza neno lenyewe mbele ya dirisha la dawa. Huanza na mgongo, au na kwamba hawezi kukaa kitako kwa muda mrefu. Asipopata mtu wa kumwuliza taratibu, mlango ukiwa umefungwa, jeraha lake la mwilini nalo halitaonwa, kwa sababu hakuna atakayejua pa kutazama. Hali ni hiyohiyo kwa mwanamke mwenye maumivu ya chini ya kitovu yasiyoisha. Swali la afya ya akili likiulizwa vizuri huurudisha mkono wa mhudumu kwenye mwili, tena mahali panapostahili.

Kuhusu muda, tuhesabu kwa daftari. Mgonjwa aliyekuja mara nane, dakika tano kila mara, ametumia dakika arobaini za kituo, vidonge visivyohesabika, na sindano mbili tatu ambazo hazikuhitajika. Nusu saa moja katika safari ya tatu isingeiongezea foleni dakika hata moja. Mwongozo ambao Shirika la Afya Duniani na UNHCR walitoa mwaka 2015 kwa ajili ya wahudumu wasio mabingwa katika mazingira ya dharura una sehemu nzima inayohusu malalamiko ya mwili yasiyo na sababu inayoonekana. Unamtaka mhudumu akubali kwamba dalili si za kufikirika, achunguze, kisha aache kurundika vipimo na tiba zisizo na faida, na unaonya pia asimwage dawa za sonona kwa kila mwenye huzuni. Ni mwongozo wa watu wenye haraka, ulioandikwa na wanaojua kuwa foleni ipo. Na Sheria ya Afya ya Akili ya Uganda ya mwaka 2018, iliyochukua nafasi ya sheria iliyorithiwa kutoka enzi ya ukoloni, inataja matibabu ya akili katika vituo vya afya vya msingi tangu mwanzoni mwake. Butabika, hospitali kuu ya taifa ya magonjwa ya akili, iko Kampala, safari ya kutwa nzima kutoka Isingiro. Sheria imekwisha kukubali kwamba mtu wa Isingiro asitazamie kutibiwa huko.

Hapo mwenyekiti wa kijiji kimoja cha makazi anainuka. “Mwalimu, umesema vizuri, lakini mawazo ya watu hawa yanatoka kwenye sufuria. Mtu hajala, analala kwenye turubai, hajui kesho. Umpe maneno? Mpe posho, utaona mgongo unapona.”

Simjibu huyu kwa wepesi. Mnamo Mei 2025 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, kwa kukosa fedha, liliwaondoa wakimbizi wapatao milioni 1 nchini Uganda kwenye orodha ya msaada wa chakula. Hakuna ushauri nasaha unaojaza tumbo, na mfadhili atakayetaka kuleta washauri mahali pa mahindi atakuwa ameichukua hoja yangu na kuifanyia dhuluma. Njaa yenyewe huamsha maumivu, huvunja usingizi, hukata tamaa. Mwenyekiti anakosea mahali pamoja tu, anaposema kwamba chakula kisipokuwapo basi tiba ya moyo haina kazi. Hilo lilijaribiwa, na lilijaribiwa hapohapo Nakivale.

Mwaka 2008 Frank Neuner na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya Nakivale kwa wakimbizi 277, Wanyarwanda na Wasomali, wote wakiwa na maradhi ya kiwewe cha vita. Waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu. Kundi la kwanza lilipata tiba ya masimulizi, ambayo mgonjwa husimulia maisha yake tangu kuzaliwa, hatua kwa hatua, na kupita katikati ya lile tukio linalomtisha badala ya kulizunguka. La pili lilipata ushauri nasaha wa kawaida wa kiwewe. La tatu lilifuatiliwa tu. Waliotoa tiba hawakuwa madaktari. Walikuwa watu wa kawaida, wakimbizi wenyewe, waliopewa mafunzo mafupi. Baadaye, walipopimwa tena, asilimia 70 ya kundi la masimulizi na asilimia 65 ya kundi la ushauri hawakuwa tena na maradhi yale, ilhali katika kundi la kufuatiliwa tu ni asilimia 37. Na katika matokeo hayohayo limo jambo ambalo kwa mjadala huu lina uzito kuliko yote: afya ya mwili, yaani malalamiko ya kuumwa ya kila siku, nayo ilikuwa bora katika makundi mawili yaliyotibiwa kuliko katika lile la tatu. Umaskini wao haukuondolewa na jaribio. Turubai lilikuwa lilelile.

Sitaki kuutwika utafiti huo mzigo usioweza kuubeba. Ulilenga kiwewe, haukulenga maumivu sugu, na watu wake hawakuchaguliwa kwa sababu ya migongo yao. Tena ile asilimia 37 iliyopona bila tiba maalumu inatuambia kwamba wako wanaoinuka wenyewe, jambo la kutia moyo na la kutuzuia tusijisifu. Lakini haukusimama peke yake. Mwaka 2003 Paul Bolton na wenzake walitoa matokeo kutoka vijiji 30 vya Masaka na Rakai, wilaya zilizo kati ya Kampala na Mbarara. Huko tiba ya vikundi, iliyoendeshwa na wenyeji, ilipunguza sonona kutoka asilimia 86 hadi asilimia 6.5 ya waliohudhuria, wakati vijiji visivyoipata vilitoka 94 hadi 54.7. Kabla ya kuanza, watafiti waliwauliza wanakijiji wataje kwa Kiganda maradhi ya huzuni wanayoyajua wao, wakayatumia majina hayo. Nayo ilikuwa kazi ya watu wasio na shahada ya udaktari, katika vijiji vilivyokuwa vimeumizwa na ukimwi na ufukara. Na mwenyekiti akumbuke shamba. Mkimbizi wa Uganda hupewa kipande cha ardhi alime, na posho inapokatwa kipande hicho ndicho kinachobaki. Mgongo usioweza kuinama humaliza hata hicho. Kumtibu maumivu ni sehemu ya kumlisha.

Sauti inayofuata inatoka Mbarara, mji wenye hospitali ya rufaa ya mkoa na chuo kikuu cha sayansi na teknolojia kilichoanza 1989. “Nakubaliana nawe kwa nia,” anasema daktari bingwa, “lakini unazungumza kana kwamba dawa hizi ni peremende. Amitriptilini inaua. Mtu aliyekata tamaa, ukimpa vidonge vya miezi miwili, umempa silaha. Kazi hii ina wenyewe.”

Ni kweli, na kidonge hicho chafaa kitazamwe kwa karibu. Ni kidogo, cha bei ndogo, miligramu 25, kimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani kama dawa ya sonona. Kwa maumivu ya neva, kichwa kisichopoa na usingizi uliovunjika, huanzwa kwa nusu yake, jioni, saa moja au saa mbili kabla ya kulala. Kwa sonona dozi hupanda mara kadhaa. Kinywa hukauka, choo huwa kigumu, asubuhi kichwa huwa kizito, na mzee mwenye shida ya mkojo anaweza kuzibwa kabisa. Nafuu haiji kesho yake, huja baada ya wiki mbili hata nne, na wako wengi ambao haiwapi nafuu kubwa. Mgonjwa aliyezoea Panadol, ambaye hakuambiwa lolote kati ya haya, atakitupa siku ya tatu na kusema wamenipa dawa ya kulevya. Na kama daktari asemavyo, kikimezwa kwa wingi huuvuruga moyo na kuua. Hivyo kabla ya kukitoa lazima liulizwe swali ambalo wengi huliogopa, kama mgonjwa amewahi kuwaza kujiua. Kuliuliza hakumpandi mtu wazo hilo. Mara nyingi humpunguzia upweke. Akijibu ndiyo, vidonge vitolewe vya wiki moja, au vikae kwa ndugu anayeaminika, na huyo ndiye anayestahili gari la kwenda Mbarara siku hiyohiyo. Kwa aliye Juru au Rubondo, kanda za makazi ya Nakivale, kurudi kila wiki ni mwendo, na sina jibu safi la hilo. Wahudumu wa afya wa vijijini, wale VHT wanaopita nyumba kwa nyumba, wanaweza kubeba sehemu ya mzigo iwapo watalipwa kwa kazi hiyo.

Kuhusu wenyewe wa kazi, naomba daktari aukumbuke mji wake. Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1993 na daktari Anne Merriman, ilianza kuchanganya unga wa mofini na maji, ikapata dawa ya kunywa ya bei nafuu kwa wagonjwa wa saratani waliokuwa wakifa wakipiga kelele. Mwaka 1998 ilifungua Mobile Hospice Mbarara, na wauguzi wakaanza kuwafuata wagonjwa kwa gari hadi vijijini. Ikaonekana kikwazo si dawa. Kikwazo ni sahihi ya daktari, ambaye hakuwapo. Mwaka 2004 Uganda ilibadili kanuni, ikawaruhusu wauguzi na matabibu waliosomea huduma shufaa kuandika mofini wenyewe, jambo lisilokuwa la kawaida popote duniani wakati ule. Hoja za upinzani zilikuwa hizi hizi: ni hatari, wataitumia vibaya, ina wenyewe. Kama mofini iliweza kukabidhiwa muuguzi aliyefunzwa na kusimamiwa, nusu kidonge cha amitriptilini na maswali machache ya afya ya akili navyo vinaweza kukabidhiwa. Sisemi mofini yenyewe ndiyo tiba ya mgongo wa miaka mitatu. Marekani ilijaribu kuyatibu maumivu sugu kwa dawa za jamii hiyo ikazika maelfu kwa maelfu. Nachukua kutoka Mbarara ule mpango wa kazi, pamoja na fundisho ambalo Merriman alilileta kutoka kwa Cicely Saunders wa London: kwamba maumivu ya mtu mmoja yana sehemu ya mwili, ya moyo, ya jamaa zake na ya roho, na anayetibu moja akaziacha tatu hajamaliza. Nashindwa kuelewa kwa nini fundisho hilo lihifadhiwe kwa anayekufa, lisimfikie anayepaswa kuishi miaka thelathini zaidi.

Bingwa naye hapotezi kazi. Anayoihitaji Nakivale si chumba chake cha Mbarara. Ni ziara yake ya kila mwezi, na simu anayoipokea tabibu anapokwama. Mafunzo ya siku tano yasiyofuatiwa na mtu yeyote huyeyuka. Mhudumu aliyeachwa peke yake na hadithi za mauaji kila siku, tena akiwa mkimbizi mwenyewe, ataugua naye. Kama daktari angenitaka nipunguze sehemu yoyote ya pendekezo hili kwa kukosa fedha, hii ya usimamizi ndiyo ningeitetea hadi mwisho kabisa.

Mama wa kwanza alikuwa akisikiliza. “Sawa, docta. Lakini yule anayegeuza maneno yangu ni mtoto wa jirani. Nitasema mbele yake? Na ile daftari, bwana yangu anaisoma.”

Katika baraza hili lote hakuna aliyetaja kikwazo cha karibu kuliko hiki. Mkalimani ni mtu wa makazi, na makazi yana masikio. Kwa mama anayesema Kiswahili dawa ni rahisi kuliko tunavyojifanya: Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda kikatiba tangu 2005, na tabibu anayepangiwa Nakivale afundishwe kukisema, na kukisikia cha Kivu, kabla ya kuanza kazi. Kwa Msomali na Mwethiopia mkalimani atabaki, na huyo aajiriwe, aapishwe, atoke kijiji kingine, na mgonjwa aulizwe kama anamtaka, mwanamke au mwanamume. Kuhusu daftari, musawo ana uwezo leo hii, bila kungoja mfadhili. Afungue ukurasa mpya, aache kuandika jina la ugonjwa ambalo mume au jirani atalisoma vibaya, aandike vitu ambavyo ni vya kweli na visivyomdhuru: maumivu ya mgongo, miaka mitatu, mgongo umepimwa, hakuna homa wala ganzi, usingizi saa mbili kwa usiku, amitriptilini nusu, jioni, arudi Alhamisi ya wiki ijayo, aonane na mimi. Yaliyosemwa mlango ukiwa umefungwa yaandikwe katika rejista ya kituo, ndani ya kabati lenye kufuli. Na chini ya ukurasa ule musawo aandike jina lake, ili Alhamisi hiyo mama asianze kueleza upya.